Nafasi ya Saba

Nina fomu kumi na mbili na kalamu inayovuja,
pikipiki ya Idara iliyochoka kabla yangu,
na barua yenye muhuri: tafuteni wasemaji.
Alhamisi jioni, ukumbi wa zamani wa ushirika, Lindi mjini,
dakika arobaini kila mmoja, historia, lugha, maadili
"na mengineyo yamfanyayo mtu kuwa mtu."
Posho: soda, maandazi mawili,
nauli kwa atakayevuka kutoka Kitumbikwela.

Daktari wa falsafa aliyezaliwa Mtanda
alinijibu kwa simu toka chuoni:
hoteli ina kiyoyozi?
Nikamwambia ina dirisha.
Hajapiga tena.

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo nilivyofundishwa.
Msema kwao, nimegundua, huulizwa:
wewe nawe, nani kakutuma?
Ndiyo maana Twaha Mnali, mchonga maandishi ya makaburi pale Rahaleo,
alicheka mpaka akaweka patasi chini.
"Mimi? Wateja wangu hawajazoea kuuliza maswali."
Kisha, bila kuombwa, akaanza:
jinsi ndugu wanavyogombania tahajia,
jinsi watoto wanavyofika mbele ya jiwe
ndipo wakajua mama alikuwa na majina mawili,
la unyagoni na la kwenye kadi ya kliniki,
na hakuna mwenye hakika ni lipi aliitikia mwishoni.
"Nalipwa kwa herufi," akasema,
"kwa hiyo maskini huzikwa na jina fupi."
Hilo niliandika kiganjani, fomu ilikuwa imelowa.

Skolastika Nnunduma, karani wa mizani, Mtama,
alikubali kabla sijazima injini.
"Nitazungumzia kidole."
Kidole gani?
"Kinachoegemea mizani mkulima akitazama pembeni."
Akanionyesha chake.
Tukakitazama wote wawili, muda mrefu kuliko ilivyo adabu,
korosho zikimwagika ghalani nyuma yetu
kama mvua juu ya bati la jirani.

Binti wa mkagua tiketi wa reli iliyong'olewa
atakuja, ila atasema Kimwera, chote, mpaka nukta.
Kwenye fomu pana mahali: Lugha.
Nimejaza Kimwera kwa herufi kubwa
na ninasubiri Idara wanipigie kelele.

Fidelis wa Ng'apa: "Andika nimekufa."
Nimeandika: ana udhuru.

Ya saba ni Somoe, muuza ming'oko, Mnazi Mmoja.
Nilisikia anamweleza kondakta kwa nini deni si dhambi
ila kulikana ndiko dhambi,
na kondakta, mtu mzima, akashusha macho akalipa.
Nikafungua fomu. Samahani mama, hapa wanataka elimu.
"Andika nilifika mlangoni."
Mlango upi?
"Wa darasa la tano. Ulikuwa na karo."
Akapanga fungu upya, refu juu, fupi chini.
"Hao wa kwenye viti, watakuwa wanatafuna kitu?"
Sijui. Kwa nini?
"Aliyekunja mikono hasikilizi, anahukumu.
Mimi nasema na watu wanaomenya."
Sikuwa na safu ya jibu hilo.
Akanifungia ming'oko sita kwenye gazeti, akachukua bei ya sita,
akanitajia namba yake ya simu, akageukia basi la Mtwara.

Usiku, Mitandi, umeme umekatika,
nahesabu kwa tochi: tarakimu tisa.
Moja imebaki Mnazi Mmoja.
Nikaanza kubahatisha ya mwisho.
Sifuri, haipatikani. Moja, mtoto analia.
Mbili, mlinzi wa Songea, ana usingizi na matusi.
Tatu, kimya kinachopumua, kikakata.
Nne, sauti ya mwanamke nisiyemjua.
Samahani, nimekosea, nikasema,
nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza na watu.

Hakukata.
"Kuzungumza nini?"

Nikavuta fomu karibu na mwanga.
Kalamu ilikwisha kuvujia mahali pa jina.