Friji la Bi Somoe

Wiki ya tatu tunaitafuta sifuri.
Ghorofa nne, kaya kumi na sita, paa moja:
kinacholetwa na jua kilingane na kinacholiwa na nyumba,
mwaka ukiisha mkono wa mizani usimame kati.
Lwitiko anachora. Mimi nahesabu.
Kokushubira anafuta alichochora Lwitiko.
Studio inanuka gundi, na chapati za jana.

Tulianza na upepo, maana hauna bei.
Upepo wa pwani ukifika Magomeni umeshachoka,
umepigana vikumbo na maghorofa ya Kariakoo;
tukaufungulia madirisha yanayotazamana,
tukautobolea matofali, tukauambia
pita, mwenyeji, hodi usipige.
Ukuta wa magharibi tukaunyima dirisha:
jua la saa kumi halina adabu.

Kisha jedwali. Feni, taa, redio, pasi mara moja kwa wiki.
Uniti tatu kwa kaya, kwa siku;
tatu mara kumi na sita, arobaini na nane.
Paneli za paani: arobaini na nane.
Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja na tochi.

Mwalimu Ngwilizi alilitazama jedwali muda mrefu,
akavua miwani.
"Kaya hizi kumi na sita," akasema, "kwa sasa zinaishi wapi?"

Bi Somoe anaishi chumba cha tatu, kushoto.
Nyumba ya vyumba sita, mita moja ya LUKU,
na friji lililofungwa kwa mpira wa baiskeli
linanguruma kama mtu anayeota deni.
Barafu za ukwaju. Barafu za ubuyu. Shilingi mia.
Umeme ukiisha usiku, alituambia,
macho ya nyumba nzima hugeukia mlango wangu.
Ndiyo maana ana daftari, mistari ya kalamu nyekundu:
tarehe, uniti, nani katoa, nani kanuna.

Tukamtandikia mchoro juu ya kitanda.
Akapitisha kidole sebuleni, jikoni, chooni, akarudi.
"Humu nalala. Humu napika. Friji langu liko wapi?"
Kokushubira akamwonyesha kijisanduku kando ya sinki.
"Hilo lenu la maziwa, mwanangu. Langu linasomesha."

Usiku ule nikaingiza kwenye jedwali mafriji yanayosomesha,
cherehani za umeme, mashine moja ya kunyolea.
Hasi kumi na moja.
Lwitiko akasema tuandike sharti: biashara marufuku.
Hakuna aliyemjibu.
Ada yangu ya kidato cha nne ililipwa na blenda ya juisi,
nami nilikuwa nimeisahau mpaka hapo.

Tulirudi kwake, safari hii bila mchoro.
Akatueleza, kama anayeelekeza kuosha mchele:
friji huliwasha asubuhi, hulizima magharibi, kuepusha ugomvi;
barafu huzifunika gunia na maranda.
"Zikilala vizuri, alfajiri ni mawe."

Kumbe barafu ni jua la mchana lililowekwa akiba.
Betri tuliyokuwa tukiisaka kwenye katalogi
ilikuwa inauzwa shilingi mia, na kijiti chake.
Tukachora chumba cha baridi chini ya ngazi,
ukuta mnene, mlango mmoja badala ya mafriji saba;
mchana kigandishe, usiku kilale.

Hasi mbili.
Tukapangua, tukapanga. Hasi mbili.
Tukaiandika hivyo hivyo, wino mweusi, ukurasa wa kwanza;
waamuzi watajua la kufanya nayo.

Bi Somoe naye ametuandika. Nilichungulia tulipoaga:
wanafunzi watatu, ubuyu tatu,
mia tatu, bado.