Futi ya Fundi

Nje ya duka langu la kushona, Ndanda,
kuna mstari wa chokaa niliouchora mwenyewe.
Wa pili uko kwa Adeltruda, kando ya karai la mihogo.
Kati yake: mita kumi na tatu, sentimita kumi na nane.
Wateja wanapima kwa macho, wanacheka:
"Mama Nandonde, hapa si ulipanda pikipiki?"

Nilianzia mtaro wa shule, masika,
sketi nimeikunja kiunoni.
Mwalimu Chilumba akaleta mchanga wa Lukuledi kwa toroli,
akasema: wa kwanza, tua kwa mguu uleule uliorukia;
wa pili, usiwe na pupa;
wa tatu huo, sikufundishi.

Nimetua Maputo, Algiers, Nairobi.
Mchanga wa ugenini una ladha yake, nimeula wote.
Nchi ilinipa suti yenye bendera kifuani
na nauli ya kwenda. Ya kurudi tulidaiana.

Mruko wangu mrefu kuliko yote haumo kitabuni.
Kidole gumba kilipita ubao,
mzee wa kofia akainua bendera nyekundu,
wakafagia alama zangu kabla sijasimama.

Nilikuwa nimeshaziona.

Sasa goti la kushoto latabiri mvua kuliko redio.
Nakanyaga cherehani: kulia, kulia, kulia.

Jana binti wa Adeltruda, miaka tisa,
alirudi nyuma hadi nguzo ya umeme,
akaja mbio, ndoo tupu mkononi.
Niliona atakanyaga chokaa.
Nikatoka, futi shingoni,
bila bendera.