Bibi Harusi wa Nkuhungu

Alikuja Dodoma kwa basi, kafungwa gazeti bichi,
kijiti urefu wa penseli, majani mawili,
katikati ya barua yangu ya uhamisho na chapati baridi.
Mama, kule Muheza, alimkata kwa kisu cha samaki:
Gadenia huyu ni bibi harusi. Hataki jua la mchana,
hataki upepo, hataki chumvi,
hataki kukauka, hataki kulowa.
Sasa anataka nini?
Mama akacheka. Kubembelezwa.

Nikapata ndoo ya rangi, lita ishirini,
nikaitoboa kitako kwa msumari wa moto,
nikatandika vigae vya mtungi,
mchanga wa korongoni, samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa,
na udongo mwekundu wa hapa, konzi moja tu,
ili aanze kuzoea ukweni.

Mama Chiloleti, mpangaji wa chumba cha pili,
akasimama na ungo wa karanga.
"Unaliwa?"
Hauliwi.
"Una kivuli?"
Hauna.
"Ni dawa?"
Unanukia, nikasema.
Akapepeta, makapi yakaruka.
"Maji ndoo mia tano," akasema. "Unanukia."

Mwezi wa sita upepo ulishuka bila hodi.
Kila jioni nilimwingiza ndani kama kuku wa mayai,
asubuhi nikamtoa barazani, mashariki,
apate jua likiwa changa,
nikamfuta vumbi jani kwa jani kwa kanga kuukuu.
Nimefanya kazi masijala miaka kumi na mmoja.
Hakuna jalada nililolifuta hivyo.

Mwezi wa nane akageuka rangi.
Si njano ya uzee; njano ya mtoto mwenye safura,
mishipa kijani, nyama ya jani imekwisha.
Maji ya bomba letu huacha ukoko mweupe birikani,
na ukoko huohuo ulikuwa umeukalia udongo wake.
Nikampigia Mama. Mtandao ukakatika-katika,
nikasikia neno moja tu: ua.
Sikujua kama ni jina au ni amri.

Nikambua ukoko. Nikampa machicha ya chai,
na pipa la maji ya mvua niliyokinga mwezi wa nne,
kikombe kimoja kimoja, kama mgonjwa.

Akarudi kijani, akarefuka, akalegea,
matawi marefu yasiyo na neno.
Ndipo Mama Chiloleti akatoka na mkasi
anaopogolea zabibu za watu kule Mpunguzi.
"Unamwogopa," akasema. "Mti ukiogopwa huzaa majani."
Akakata. Hakuuliza. Akakata tena.
Mimi niliokota matawi sakafuni
nikiyahesabu, sijui kwa nini, kwa sauti.

Mvua ya kwanza ya Desemba ikaleta vitumba vinne,
vimesokotwa kama kitambaa kilichokamuliwa.
Vitatu vikaanguka, kimoja usiku mmoja na radi,
viwili bila sababu.

Kilichobaki kilifunguka Ijumaa, saa nne asubuhi.
Mimi nilikuwa Mtumba, nagonga mihuri.

Niliporudi umeme ulikuwa umekatika.
Kwenye ndoo, kikonyo kitupu.
Mama Chiloleti akaniita kwake, kilemba mkononi.
"Watoto waliacha mpira wakaja kusimama hapa," akasema.
"Nikaona utamkuta amenyauka peke yake.
Nikamchomeka kichwani, nikaenda naye kwaya.
Sauti ya pili wamekosea mara tatu."

Ua lilikuwa ndani ya bakuli la maji,
kingo zimeshaanza rangi ya karatasi ya zamani.
Tukakaa gizani, bakuli katikati yetu kwenye mkeka.
Nyumba ikanukia mpaka kwenye ndoo za mlenda.
Nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga tangu mlangoni.
Sikumbuki yalikwenda wapi.

"Bado hauliwi," akasema,
akavuta bakuli upande wake.