Nakala ya Arubaini na Moja

Imefika leo kutoka Mokowe, ndani ya bomba la karatasi ngumu,
imezungushwa selotepu kama kichwa kilichopasuka.
Punda wa Famau kaibeba pamoja na mifuko miwili ya saruji
asione tofauti.

Naikunjua juu ya mkeka. Turubai inanuka wino.
Chini pembeni, kwa penseli: 41/200.
Mvulana kwenye mdomo wa pango, taa mkononi,
nyuma yake nahodha kakunja uso,
na giza lile mbele yao, Mola wangu, giza lile!
Si rangi iliyomwagwa. Ni mistari,
mistari juu ya mistari, myembamba kama nywele za kitoto kichanga.
Naihesabu kwa ncha ya sindano, bila kugusa.
Mimi mshona kofia, najua bei ya kitobo kimoja.
Aliyelichonga giza hili aliumwa shingo,
chai yake ilipoa,
aliitwa kula akajibu "naja" hata wakachoka kumwita.

Mwanaesha kasimama mlangoni na upawa.
"Na hii utaiangika wapi? Ukuta wote zidaka."
Kweli. Waliojenga nyumba hii walifikiria vikombe na sahani,
hawakujua atazaliwa mjukuu
mgonjwa wa picha.
Tatu ziko ukumbini. Moja juu ya friji.
Ile ya dhoruba, yenye mlingoti uliovunjika, iko njia ya chooni,
na mwenyewe sijaipenda hapo.
"Kofia ya miezi minne," asema, "umeuvisha ukuta."
Wasema mapenzi upofu.
Ya kwangu ni macho mno.

Kitabu chenyewe tulikisoma darasa la sita,
kitabu kimoja, watoto thelathini na wanane,
mwalimu Shekuwe akikiinua juu kama muuza kuku mnadani.
Picha walishazing'oa waliotutangulia.
Yalibaki maneno ya chini yake tu:
Nahodha asema uongo.
Kisiwa kisichokuwa kwenye ramani.
Taa yazimika.
Na juu ya maneno, pengo, na meno ya karatasi.
Basi nikazichora mwenyewe, kichwani, usiku,
na kisiwa changu kikawa na mitaro ya Langoni,
nahodha wangu akawa na pua ya ami yangu Bwanadi
aliyekopa baiskeli ya watu akaiuza.

Sasa nazikusanya za kweli, moja moja,
na kila ijapo moja, ile ya kichwani huondoka bila kuaga.
Leo nahodha ana pua fupi ya mgeni.
Nimemtazama sana ami akitoka.

Ni nani mwenye arubaini? Nani ana arubaini na mbili?
Jirani zangu wa namba, sizijui nyumba zao.
Huenda mmoja ni daktari wa meno,
kaiangika wagonjwa wapate pa kukodolea macho.
Huenda mwingine kaifungia kabatini, angoja ipande bei,
na mvulana yumo kizani na taa yake, hana amwangazaye.
Mimi kofia zangu sizipi namba.
Hazirudiki hata nikitaka:
mkono wa Machi si mkono wa Juni.

Imebaki ya tisa.
"Zimekwisha," waliniandikia. Neno moja na nukta.
Ya tisa ndiyo ile, Taa yazimika.
Siku mbili sikushika sindano.
Ya tatu, usiku, nikaenda kuitafuta ile ya kwangu,
ile ya darasa la sita,
nikaikuta palepale, haijaguswa:
giza tupu, na ndani ya giza ami Bwanadi na pua yake nzima,
japo kwa giza lile
sharti uambiwe.

Kusi likiingia na unyevu wake, turubai hulegea,
bahari ya ukumbini hufanya kitambi.
Wote wakishalala nachukua nyundo ndogo
nazigonga kabari za pembeni, moja, nyingine,
polepole, nisimwamshe mwenye upawa,
mpaka mawimbi yakaze.