Risiti ya Wakili

Umesema niandike kwenye risiti
kipuri kimetoka wapi.
Nimeandika: Mhimili mmoja. Halisi. Sh. 18,500.
Nafasi imeishia hapo, Bwana Wakili,
na kalamu yenyewe ni ya kuazima.

Ungeleta Toyota ningekuelekeza Kirinyaga Road
wakuchinjie nyingine mbele ya macho yako.
Lakini saa yako ni ya mwaka wa hamsini na nane,
na kiwanda kilichoizaa, huko kwenye theluji,
kilinijibu barua kwa heshima kubwa:
vipuri hivyo hatutengenezi tena,
na hata vingekuwapo
hatuuzii vibanda vya chini ya ngazi.
(Hilo la ngazi nimeliongeza mimi.
Lilikuwa katikati ya mistari.)

Basi nikauvuta mkebe.

Mkebe ni wa Kimbo, wa kilo mbili.
Aliniachia baba, Fundi Nzioki, pamoja na lenzi na kikohozi.
Ndani yake hakuna saa inayokwenda.
Mna kamani zilizolegea, akrabu zisizo na dakika za kuonyesha,
yakuti ndogo kuliko mbegu ya mchicha.
Mna saa iliyotoka Gikomba ndani ya mfuko wa koti la mtumba;
aliyeivaa hatumjui, ila jasho lake lilikuwa kali,
limekula mfuniko.
Na mna moja aliyoileta kijana saa nne usiku
mkanda ukingali na joto.
Hiyo baba aliapa hakuinunua.
Nilipoachiwa kibanda nikaikuta mkebeni.
Sijaigusa. Usiniulize zaidi, wewe ni mtu wa sheria.

Mhimili wako haukutoka kwa hiyo.
Ulitoka kwa Bi Perpetua Nakhumicha wa Makongeni,
mjane wa karani wa reli.
Aliyempa mumewe ile saa alikuwa anaondoka asirudi,
mwaka ule bendera zilipobadilishwa;
aliivua, akasema shika,
akapanda ndege na asante yake mdomoni.
Miaka thelathini na moja ikasubiri magarimoshi
mkononi mwa karani.
Kisha hospitali ikataka amana kabla ya kitanda.

Baba akataja bei. Mama yule hakubishana.
Alisema tu: uso nabaki nao.
Baba akaung'oa, na akrabu zake mbili,
akaufunga kwenye gazeti.
Akaondoka na uso, tukabaki na matumbo.

Kufa kufaana, watu husema,
na husema upesi,
kama wapitao kando ya matanga ya wengine.
Mimi nimekaa na kibano juu ya neno hilo siku mbili
kwa sababu mhimili una unene wa unywele wa mtoto,
na ukiponyoka ukaangukia sakafuni
kufaana kumekwisha, imebaki kufa.

Sasa inatembea. Iweke sikioni.
Inaonyesha saba nasi tunasoma moja;
miaka yote hii haijajifunza
kwamba siku huanza na jua.
Tusiilaumu, ilizaliwa kwenye mawingu.

Bi Perpetua hupita kila mwisho wa mwezi akifuata pensheni.
Haulizi pesa.
Huuliza kilichobaki kimehamia mkono gani.
Jana nikamwambia: mkono wa wakili,
Upper Hill, ghorofa ya kumi na nne.
Akafikiri. Akauliza kama unakula vizuri.
Akafika mlangoni, akarudi:
mwambie asioge nayo.
Mzee wangu aliivua kila jioni, akailaza juu ya redio.

Ukigeuza risiti utaona nimeandika nyuma
Usioge nayo.
Utadhani ni masharti ya dhamana.