Kadi ya Sauti

Kompyuta yangu ina wadudu wa ziwa kooni.
Kila nikirekodi wanavuma nyuma ya maneno,
wingu lile lile lisimamalo juu ya maji kama moshi.
Mara tatu shangazi Ng'walu amesema,
"Dagaa wa Mwaloni, wakavu, hawana mchanga,"
na mara tatu wadudu wamemjibu.

Makoroboi, kwa Masalu, kadi mbili juu ya kioo.
Ya elfu kumi na nane, nene kama kidole gumba.
Ya elfu tisini, ya chuma, ina taa nyekundu.
"Hii ina besi, dada," anafungulia muziki.
Zima, nikamwambia.
Nikavaa hedifoni, nikasikiliza pasipo kitu.

Ile ndogo: mchele unapepetwa chumba cha pili.
Ile ya chuma: kimya.
Halafu, polepole, feni ya duka,
kiti cha Masalu,
mtu nje akiuliza bei ya chaja.

Nililipa hamsini.
Arobaini ya mwisho wa mwezi aliiandika juu ya boksi,
na boksi akabaki nalo.

Usiku, Igogo, milango imefungwa, shangazi anarudia.
Kabla ya neno la kwanza
namsikia anameza mate.