Saa Kumi na Nusu

Babu Kisimba hakuwa na saa ya mkononi.
Alikuwa na king'ora.
Kilipolia kule upande wa bomba la moshi
miguu yake ilishuka kitandani kabla ya akili,
na bibi alikuwa ameshakoroga uji gizani,
bila kugonga mwiko kwenye sufuria.

Ukichelewa dakika tano, jina kwenye daftari.
Jina likiingia daftarini, posho inapungua:
unga wa siku nne kwa juma zima,
na samaki mkavu mmoja, kichwa kikubwa kuliko mwili.
Babu hakuiita hofu. Aliiita kazi.
Akajenga nayo nyumba ya matofali mekundu,
akasomesha nayo watoto saba.

Baba yangu, Umba, alirithi nafasi yake kwenye foleni.
Miaka kumi na tisa mbele ya tanuru,
nyusi zimeungua, shingo imeota ngozi ya kiatu.
Kisha mishahara ikaanza kuchelewa,
mwezi, miezi, Krismasi, Krismasi nyingine,
mpaka siku walipoletewa karatasi:
saini hapa, uondoke kwa hiari yako.
Hiari!
Baba alilicheka neno hilo hadi akakohoa.

Pesa ile ilinunua friji ya kuuzia maji baridi.
Umeme haukujua kama tumenunua friji.

King'ora kilinyamaza. Mwili wa baba haukuambiwa.
Saa kumi na nusu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda,
viatu vya kazi miguuni, kamba zimekazwa,
akisaga meno kama anayetafuna mchanga.
Sisi ng'ambo ya pazia tulijifunza
kupumua polepole,
kulamba sahani ya bukari isilie,
kutotaja ada mwezi wa tisa.

Nilipomwambia juzi kwamba nina msongo,
aliniangalia kama niliyesema nina ndege.
«Msongo gani? Unakula mara mbili.»
Mama akacheka jikoni:
«Babu yako alimwambia hivyo hivyo.
‹Umechoka? Nani amekupiga kiboko?›»
Baba akatazama viatu vyake.

Mimi naogopa simu.
Kibandani kwangu Katuba nauza vocha, nabadilisha dola,
na zamu yangu ya likelemba imeliwa na hospitali.
Simu ikitetemeka mezani
bega langu la kushoto linapanda peke yake,
linakaa karibu na sikio,
linasahau kushuka.

Mama alinionyesha picha:
babu, siku aliyopewa baiskeli ya utumishi bora.
Anacheka meno yote.
Lakini bega la kushoto liko juu,
kama mtu aliyesikia nyuma yake jina lake likiitwa.

Wengine waliachiwa mashamba,
wengine ugomvi wa kiwanja.
Sisi tuliachiwa bega.

Na sasa Nkulu, mwanangu, miaka sita, wajina wa babu.
King'ora hajawahi kukisikia.
Kiwanda kwake ni ule mlima mweusi wa mabaki
anaouchora kila akipata kalamu,
na juu yake huweka mbuzi, sijui kwa nini.
Jana niliamka, nikamkuta ameketi gizani,
miguu inaning'inia, haifiki sakafuni,
mabega yake madogo,
moja juu, moja chini.

«Mama,» akauliza kwa sauti ya kutoamsha watu,
«tunangoja nini?»

Ningeweza kumwambia: lala.
Ndivyo nilivyoambiwa, na sikulala.
Nikaketi kando yake. Kitanda kikalia.
Sikumshika bega, nilishika langu,
nikalishusha kwa mkono
kama mtu anayeteremsha gunia la mkaa la mwenzake.
Akanitazama. Akafanya vile vile, akacheka kidogo,
likapanda tena, akalishusha tena.

Tukaangalia saa ya simu.
Kumi na dakika thelathini na moja.
Dakika nzima ilikuwa imepita
na hakuna aliyeandika majina yetu.